Msambazaji Anataka Nitie Sahihi Kwamba Nimejiuzulu: Vipuri Vilivyojaa Stoo Itakuwaje?

Ndugu Mshauri,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Mimi ni Mkenya kutoka Uasin Gishu, na huu ni mwaka wa 19 tangu nihamie Wisconsin, jimbo la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Marekani. Nilianza kama fundi katika duka dogo la mashine za shamba lililokuwa la mzee mmoja mwenyeji. Alipostaafu mwaka 2014, mimi na mke wangu tulilinunua kwa mkopo, na msambazaji mkuu wa bidhaa zake akatuandikia mkataba mpya wa uwakala kwa majina yetu. Tunauza loda ndogo za kuzolea samadi na kubebea malisho, mashine za kukata nyasi na bela za kufungia nyasi kavu, na nyuma ya duka tuna karakana ya matengenezo.

Wiki 3 zilizopita nilipokea barua kutoka kwa msambazaji huyo, ambaye bidhaa zake ni karibu nusu ya mauzo yetu. Barua ina aya 2 tu. Inasema kwamba uwakala wetu utakoma baada ya siku 30 kwa kuwa kampuni inaupanga upya mtandao wake wa mauzo. Haikutaja kosa lolote letu, na hatudaiwi ankara yoyote iliyopita muda. Ninachokijua ni kwamba kampuni kubwa yenye matawi mengi imefungua duka maili 40 kutoka hapa, nayo imeanza kuuza bidhaa zilezile.

Jumanne iliyopita meneja wa kanda alikuja mwenyewe, akanywa kahawa, akaulizia watoto, kisha akatoa karatasi ya ukurasa mmoja. Imeandikwa kwamba mimi, wakala, ninajiuzulu kwa hiari yangu. Nikitia sahihi kabla ya Ijumaa ijayo, kampuni itazichukua mashine 9 ambazo hazijauzwa kwa bei niliyonunulia, na vipuri itavichukua kwa nusu ya bei niliyonunulia, ukiondoa asilimia 15 ya gharama ya kuvirudisha rafuni. Nisipotia sahihi, alisema, mkataba unaipa kampuni hiari ya kununua au kuacha, na tena sheria inayotawala mkataba ni ya jimbo la Georgia, kwa hiyo sheria za Wisconsin nisizitegemee.

Vipuri hivyo vina thamani ya dola 138,000 katika vitabu vyetu. Mashine zenyewe bado zina deni, kwa sababu hununuliwa kwa fedha za kampuni ya mikopo iliyo na uhusiano na msambazaji, nasi hulipa kila moja inapouzwa. Mke wangu anasema nisitie sahihi chochote. Kaka yangu mkubwa aliyeko Eldoret anasema nizichukue fedha za mashine, halafu vipuri nivijaze kwenye kontena nimpelekee yeye avitafutie soko. Nakuomba unieleze: je, kuna sheria inayomlazimu msambazaji kuvichukua vitu vyake, na kwa bei gani?

Wako,
Muuza Loda, Wisconsin

Ndugu Muuza Loda,

Mke wako amesema kweli, nami nitaanzia hapo kwa sababu Ijumaa haiko mbali. Usiitie sahihi karatasi ile. Neno la hatari ndani yake si ile nusu ya bei wala ile asilimia 15, bali ni neno «ninajiuzulu».

Wisconsin inayo sheria inayowahusu watu wa aina yako, nayo imo katika sura ya 135 ya sheria za jimbo hilo. Ilianza kutumika mwaka 1974, na mawakili wa huko wanaifahamu vizuri. Kifungu cha 135.045 kinasema kwamba ikiwa uwakala umevunjwa na mtoa uwakala, yaani msambazaji, basi mtoa uwakala huyo, wakala akitaka, atanunua tena shehena yote aliyomuuzia wakala kwa ajili ya kuuzwa, kwa thamani halali ya bei ya jumla sokoni. Hebu tazama mambo 2 katika maneno hayo. La kwanza ni kwamba hiari ni ya wakala: wewe ndiye unayechagua kama utarudisha au utabaki na mali, si msambazaji. La pili ni kwamba haki hiyo huzaliwa pale tu uwakala unapovunjwa na yeye. Ukiandika kwa mkono wako kwamba umejiuzulu, umemwondolea mwenzako mzigo uliokuwa mabegani mwake, na mlango wa kifungu hicho unaweza kufungwa kwa sahihi yako mwenyewe. Meneja anayeendesha gari masafa marefu kuja kuulizia watoto wako analijua hilo, au waliomtuma wanalijua.

Kifungu hicho, kwa maneno yake, hakiulizi kama msambazaji alikuwa na sababu nzuri au mbaya ya kuvunja mkataba. Hata aliyeachishwa kwa kosa la wazi hakutengwa ndani yake. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba unapaswa kwanza kushinda kesi ya kuonewa ndipo vipuri vyako vinunuliwe. Hayo ni mambo 2 tofauti, na mtu anayetaka kukuchosha atayachanganya.

Sasa kuhusu Georgia. Kifungu cha 135.025 kinasema kwamba nguvu ya sura hiyo haiwezi kubadilishwa kwa mkataba, na kwamba sehemu ya mkataba inayojaribu kufanya hivyo ni batili kwa kiasi hicho. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliamua kesi kati ya mtu aliyeitwa Bush na kampuni ya National School Studios, iliyokuwa ikishughulika na picha za wanafunzi. Mkataba wao ulichagua sheria ya Minnesota, na mahakama ilikataa chaguo hilo limnyime wakala wa Wisconsin kinga ya sheria ya kwao. Duka lako liko Wisconsin, wateja wako wako Wisconsin, na kipengele cha hiari ya kununua au kuacha kinapingana moja kwa moja na sheria isiyoruhusu kupingwa hivyo. Lakini usome mkataba wako hadi ukurasa wa mwisho uone kama una kipengele cha usuluhishi nje ya mahakama, maana hicho ni kitu kingine kabisa, na mara nyingi husimama. Kikiwapo, wakili akione siku ya kwanza.

Ni haki nikuonyeshe pia mahali ambapo huenda msambazaji akapigana. Sheria hii haimlindi kila anayeuza bidhaa za mwingine. Kati ya wakala na msambazaji lazima pawepo kile kinachoitwa ushirika wa maslahi. Mwaka huohuo wa 1987, katika kesi ya kampuni ya Ziegler dhidi ya Rexnord, mahakama hiyohiyo ilieleza alama 2 za kuutambua ushirika huo: maslahi ya kifedha yanayoendelea baina ya pande hizo, na kutegemeana kwa kushirikiana kuelekea lengo moja. Huangaliwa muda wa uhusiano, sehemu ya mauzo inayotokana na bidhaa hizo, fedha ulizozamisha katika vifaa na mafunzo, matumizi ya nembo na kadhalika. Karibu nusu ya mauzo yako, mkataba wa tangu 2014, stoo iliyojaa, na karakana inayotengeneza mashine hizohizo: mimi sioni msimamo dhaifu hapo. Kusanya tu ushahidi wake sasa, kabla hawajakufungia mfumo wao wa kompyuta wa kuagizia vipuri, kwa sababu ukishafungiwa huo, historia ya ununuzi wako inakwenda nao.

Barua uliyopokea nayo ina kasoro. Kifungu cha 135.04 kinadai notisi ya maandishi ya angalau siku 90, inayotaja sababu zote, na inayompa wakala siku 60 za kurekebisha kasoro anayodaiwa kuwa nayo. Zipo hali zinazoondoa au kupunguza muda huo, kama vile wakala kufilisika, au kudaiwa fedha ambazo muda wake umefika, ambapo hupewa siku 10 za kulipa. Wewe umesema hudaiwi. Siku 30 ulizopewa hazitoshi. Kuhusu sababu yenyewe, sheria inapoeleza maana ya sababu ya haki huzungumzia mwenendo wa wakala: kushindwa kutimiza masharti muhimu na ya busara, au kutenda kwa nia mbaya. Kupanga upya mtandao si kosa lako. Hata hivyo, mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi kati ya Morley-Murphy na Zenith, ilikubali kwamba hali ya kiuchumi ya mtoa uwakala mwenyewe inaweza kuwa sababu ya haki. Kwa hiyo sikuahidi kwamba utaupata uwakala wako tena. Wakili wako anaweza kuomba amri ya zuio, na sheria humrahisishia wakala kuipata, lakini mimi ningekuwa wewe nguvu zangu nyingi ningezielekeza kwenye bei ya ile mali.

Bei ndiyo penye utata, na hapa Wisconsin imewaachia watu wake mashaka ambayo majirani zao hawana. Majimbo mengi ya kilimo ya Marekani yana sheria maalumu za mashine za shamba ambazo huandika asilimia ndani ya sheria yenyewe: kwa kawaida gharama yote halisi kwa mashine mpya ambayo haijatumika, asilimia 85 hadi 95 ya bei ya sasa ya orodha kwa vipuri, na mara nyingi asilimia 5 nyingine kwa kazi ya kuvihesabu, kuvifunga na kuvipakia. Mawakala wa huko hujua hesabu yao usiku uleule barua inapofika. Wisconsin haikuandika asilimia. Imesema thamani halali ya bei ya jumla sokoni, basi. Haikutaja nani atalipa gharama ya kusafirisha, wala malipo yafanyike ndani ya siku ngapi. Mambo hayo lazima yajadiliwe na kuandikwa, la sivyo utajikuta umepakia malori na kusubiri hundi kuanzia majira ya baridi hadi mahindi yapandwe.

Kumbuka kwamba hatari ambayo sheria za namna hii zinaikinga si ya kubuni. Mwaka 1985 biashara ya mashine za shamba ya International Harvester ilichukuliwa na Tenneco na kuunganishwa na Case, kampuni iliyokuwa na makao yake Racine, hapohapo Wisconsin. Mwaka huohuo Allis-Chalmers wa West Allis nao waliuza biashara yao ya matrekta kwa Wajerumani wa Deutz. Mji uliokuwa na mawakala 2 wa kampuni zilizoungana ulibaki na mmoja. Yule mwingine alibaki na rafu zilizojaa vipuri vya rangi ambayo hakuruhusiwa tena kuiwakilisha, na deni benki. Duka lililofunguliwa maili 40 kutoka kwako ni hadithi ileile katika mavazi mapya.

Basi unafanyaje ili thamani halali isiwe nusu ya bei? Kwanza, ifanyie hesabu ofa yao. Nusu ya dola 138,000 ni 69,000. Karatasi, kama ulivyoieleza, haisemi asilimia 15 inatolewa katika kiasi gani. Ikitolewa katika 69,000, unabaki na 58,650. Ikitolewa katika thamani yote, unabaki na 48,300. Tofauti ni zaidi ya dola 10,000, nayo imejificha katika sentensi moja iliyoandikwa kwa haraka, kama kweli ni haraka. Kisha chukua orodha ya sasa ya bei ambayo msambazaji huwatoza mawakala. Filta aliyokuuzia mwaka jana na ambayo leo anamuuzia jirani yako kwa bei ya juu zaidi haiwezi kuwa imepoteza nusu ya thamani yake kwa sababu tu imelala katika rafu yako badala ya yake. Kwa kipuri kipya kilichomo katika orodha ya sasa, bei hiyo ya mawakala ndiyo mahali pa kuanzia majadiliano. Wao ndio waeleze kwa nini kishuke, na si wewe ueleze kwa nini kisishuke.

Lakini kuwa mkweli na rafu zako. Kifungu cha 135.045 kinahusu bidhaa zenye jina, nembo, lebo au alama nyingine inayomtambulisha mtoa uwakala. Chukua taa, ingia stoo, simama mbele ya rafu moja. Filta ndani ya boksi lenye nembo: imo. Fenibelti yenye namba na jina la kampuni lililochapwa mgongoni: imo, hata kama karatasi yake ya nje imepotea. Beringi ulizonunua kwa muuzaji mwingine kwa sababu zilikuwa rahisi, zimelala katika droo ileile: hazimo, na ukizichanganya katika orodha utawapa sababu ya kuitilia shaka orodha nzima. Sili ya mpira iliyokauka na kupasuka ukiikunja ina alama, naam, lakini thamani yake sokoni ni ya takataka, na hata katika majimbo yenye asilimia vitu vinavyozeeka kama mipira, gasketi na betri kwa kawaida huachwa nje. Kibao kikubwa cha nembo kilichoko barabarani, vifaa maalumu vya karakana na kompyuta ya kupimia hitilafu hukuuziwa ili uviuze, kwa hiyo kifungu hiki hakivigusi. Hivyo viweke katika mazungumzo ya jumla, au katika madai ya fidia kama sheria imevunjwa.

Hesabu hiyo ifanyike na watu 2, mmoja akisoma namba na mwingine akiandika, na kila rafu ipigwe picha kabla haijaguswa. Andika namba ya kipuri, idadi, hali ya boksi, tarehe ya ankara kama unayo, na bei ya sasa ya mawakala. Kazi hii inachosha. Najua pia kwamba mafundi wako wana loda za wakulima zinazosubiri nje. Ifanye hata hivyo, kwa sababu nimeona watu wengi wakijadiliana kuhusu jumla ya kwenye kompyuta ambayo stoo yenyewe haikuikubali, na aliyeshindwa siku zote ni yule asiye na orodha. Kuanzia sasa usiagize kipuri kingine cha kuweka akiba.

Kuhusu mashine 9, ofa ya bei uliyonunulia inaonekana nzuri, na huenda ni nzuri, ila fedha hizo si zako hadi kampuni ya mikopo ilipwe. Iandikie ikupe taarifa ya deni la kila mashine kwa namba yake. Kama katika wiki hizi utaiuza mashine moja kwa mkulima, lipa deni lake siku hiyohiyo, wala usithubutu kuzitumia fedha zile kulipa mishahara hata kwa wiki moja. Mkopeshaji akigundua, wewe uliyekuwa mdai unageuka mdaiwa aliyevunja uaminifu, na mazungumzo yote yanabadilika. Makubaliano ya mwisho yaseme pia kwamba dhamana binafsi mliyotia sahihi wewe na mke wako, kama ipo, imefutwa, na kwamba mkopeshaji ataondoa tangazo lake la rehani katika idara ya taasisi za fedha ya jimbo. Bila hivyo, utakapokwenda kwa msambazaji mwingine kuomba uwakala, jina lako litaonekana bado limefungwa.

Jambo la muda nimeliacha nyuma ingawa ndilo linaloua madai mengi. Sheria ya Wisconsin inatoa mwaka 1 tu wa kufungua kesi chini ya sura hii. Uhesabu kuanzia siku uliyoipokea barua ile, usihesabu kuanzia siku uwakala utakapokoma. Bahasha yenye muhuri wa posta itunze. Na usiogope sana gharama: kifungu cha 135.06 kinampa wakala aliyevunjiwa haki fidia pamoja na gharama za kesi, zikiwemo ada halisi za wakili zilizo za kiasi. Kwa hiyo tafuta wakili wa Wisconsin aliyewahi kushughulikia sura ya 135, umpelekee mkataba, barua, karatasi ya meneja na orodha ya stoo. Mimi nakushauri kwa kalamu. Yeye ndiye atakayesimama nawe.

Meneja akirudi Ijumaa, mpokee kwa heshima, mpe kahawa, na umkabidhi barua fupi inayosema kwamba hukujiuzulu na huna nia ya kujiuzulu, kwamba umepokea notisi ya kampuni ya kuvunja uwakala, na kwamba unachagua kurudisha shehena yote yenye alama yao kwa mujibu wa kifungu cha 135.045, nawe utawapelekea orodha. Itume pia kwa posta yenye risiti. Akikuuliza jambo zaidi, mwambie wakili atajibu.

Ama kontena la kaka yako, lisubiri. Kipuri ulichokwisha kukisafirisha huwezi kukirudisha. Bei ikishakubaliwa, vitabaki vile visivyo na alama na vile walivyovikataa, na hivyo mpelekee Eldoret kama atavitaka. Mwombe tu kwanza aulize karakana za pale mjini ni loda ngapi za chapa hiyo wamewahi kuzifungua.

Mshauri wako